Tusiwagawe watoto kabla akili hazijakomaa

Mtoto wa miaka 12 au 13 hajawa fundi wala mwanasayansi. Akili yake bado inajengeka, na hakuna mwalimu, mzazi wala mtihani unaoweza kusema kwa hakika itaishia wapi. Tunaandika haya kwa sababu nchi yetu, Tanzania, sasa inamtaka mtoto huyo achague, au achaguliwe, njia ya kupita.

Tangu Januari 2024 sekondari zetu zimeanza kuwa na mikondo miwili, wa elimu ya jumla na wa amali. Aliyeingia wa amali anasomea fani tangu kidato cha kwanza, mathalani ujenzi, umeme, kilimo au ushonaji, huku akiendelea na baadhi ya masomo ya jumla. Tunauunga mkono mpango huu. Kwa miaka mingi tumewapa vijana vyeti bila ujuzi, kisha tukawalaumu kwa kukaa vijiweni. Fani mikononi ni heshima na ni riziki.

Kinachotutia wasiwasi ni dhana inayouzunguka mpango wenyewe: kwamba wapo watoto waliozaliwa na kichwa na wapo waliozaliwa na mikono, na kazi ya shule ni kuwatambua mapema na kuwatenganisha. Dhana hiyo anayo mwalimu anayewaita wanafunzi wake vipanga na vilaza mbele ya darasa zima. Anayo mzazi anayesema, "Huyu hana kichwa, bora akajifunze ufundi," mtoto akisikia. Na wanayo pia, kwa sura ya upole zaidi, wale wanaodai kila mtoto ana kipaji chake kimoja, hivyo tumwachie hicho tu asisumbuliwe na mengine. Wa kwanza wanaamini akili ni moja na haiongezeki. Wa pili wanaamini akili ni nyingi na haziingiliani. Wote wanakosea, na wanaoumia ni watoto.

Tuanze na wanaosema akili ni moja, maana hoja yao ina nguvu. Mwaka 1904 Mwingereza Charles Spearman, aliyekuwa ofisa wa jeshi kabla ya kuingia kwenye saikolojia, alilinganisha matokeo ya watoto wa shule. Aliona kuwa aliyefanya vizuri katika lugha za kale mara nyingi alifanya vizuri pia katika Kifaransa, Kiingereza na hisabati, na hata katika kutofautisha sauti za muziki za juu na za chini. Akasema nyuma ya yote hayo iko akili ya jumla, na juu yake kila kazi ina uwezo wake mahususi.

Wengi walijaribu kulipinga jambo hilo. Louis Thurstone wa Chicago alitangaza mwaka 1938 kwamba amepata aina saba za uwezo zinazojitegemea, ukiwamo wa maneno, wa namba, wa kumbukumbu na wa kuona maumbo akilini. Miaka michache baadaye, alipowapima watoto wa shule za mji huo, aina zile zile zilikutwa zimeshikana. Mwaka 1993 John Carroll alitoa kitabu kilichochambua upya takwimu za zaidi ya tafiti 460, na alichokiona ni ngazi tatu. Juu kabisa iko akili ya jumla, katikati uwezo mpana kama kumbukumbu na kasi ya kufikiri, na chini uwezo mwembamba wa kazi moja moja.

Kwa hiyo wanaowagawa watoto kwa vipaji visivyohusiana hawana pa kusimama. Howard Gardner wa Chuo Kikuu cha Harvard alipoeneza mwaka 1983 nadharia ya akili nyingi, ya lugha, ya hesabu, ya muziki, ya mwili na nyinginezo, aliwakumbusha walimu jambo jema: thamani ya mtoto haiishii kwenye alama za hesabu. Lakini vipimo vimeendelea kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya uwezo huo huenda pamoja. Mtoto anayesoma kwa shida atasumbuka na mchoro wa umeme wenye maelezo, na atasumbuka na kipimo cha mbolea kilichoandikwa kwenye mfuko. Kumwambia mzazi kwamba mwanawe "si wa kusoma, ni wa mikono" ni kumpa faraja itakayomgharimu baadaye.

Je, basi wa "hana kichwa" ndio wenye haki? Hata kidogo. Kosa lao ni kudhani kwamba kwa kuwa uwezo huenda pamoja, lazima kuwe na kiasi fulani cha akili alichogawiwa mtoto siku ya kuzaliwa, kisichoongezeka tena. Kipimo cha siku moja kinaonyesha mtoto alipo. Hakionyeshi alifikaje hapo, wala kesho atakuwa wapi. Alfred Binet, aliyetunga pamoja na Théodore Simon kipimo cha kwanza cha akili kinachotumika, mjini Paris mwaka 1905, alilijua hili vizuri. Alikusudia kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi darasani, na aliwapinga waziwazi waliodai kuwa akili ya mtu haiongezeki.

Uingereza haikumsikiliza. Baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1944, watoto wa nchi hiyo walitahiniwa wakiwa na miaka 11 na kugawanywa, wachache wakaenda shule za taaluma na wengi wakaelekezwa kwingine. Nyuma ya mgawanyo huo kulikuwa na imani, iliyotetewa sana na mwanasaikolojia Cyril Burt, kwamba akili ya mtoto inapimika mapema na haitabadilika. Sehemu kubwa ya nchi hiyo iliuacha utaratibu huo kuanzia miaka ya 1960. Kwa nini sisi turudi walikotoka?

Maelezo tunayoona yana uzito zaidi ni ya Raymond Cattell, aliyekuwa mwanafunzi wa Spearman. Alitenganisha wepesi wa kufikiri mtu anapokutana na jambo jipya na ujuzi ambao ameshaujenga. Wepesi ule ni mtaji. Mtoto anauwekeza pale nyumba yake, shule yake na mapenzi yake yanapomwelekeza, na faida inayorudi ndiyo uwezo mahususi: kusoma, kupiga hesabu, kushona, kutunza mifugo. Watoto wawili wenye mtaji sawa wanaweza kufika miaka 15 wakiwa na ujuzi tofauti kabisa kwa sababu mitaji yao ilikwenda sehemu tofauti.

Ushahidi wake uko jirani. Magharibi mwa Kenya, karibu na Ziwa Victoria, mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake, akiwamo Profesa Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, waliwapima watoto 85 wa kijijini wenye miaka 12 hadi 15. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Watoto wale waliulizwa kuhusu dawa za mitishamba: mgonjwa ana dalili hizi, anaumwa nini, apewe mmea gani na kwa kipimo gani. Hayo ni maarifa ya kweli na magumu, na huko kwenye minyoo na homa za kila mara ni maarifa ya kumwokoa mtu. Kisha walipimwa msamiati wa Kiingereza na mambo mengine ya shule. Kwa kanuni ya Spearman ungetarajia aliyejua mitishamba sana ajue na msamiati. Ikawa kinyume. Waliofanya vizuri kwenye dawa walielekea kufanya vibaya kwenye vipimo vya shule.

Mtu mwenye haraka atasema, hizo basi ni akili mbili. Watafiti walitazama familia. Wako wazazi walioona shule haitamfikisha mtoto popote, wakamwelekeza kwa wazee wanaojua mimea, na wako walioweka matumaini yao darasani. Saa za mtoto ni zile zile. Zilizokwenda porini hazikwenda kwenye daftari, na zilizokwenda kwenye daftari hazikwenda porini.

Tunaukazia macho utafiti huu kwa sababu unaeleza kosa tunaloweza kulifanya kila wilaya. Chukua ofisa elimu anayekuta watoto wale wakiwa na miaka 12. Karatasi zinamwambia hawa wana kichwa na wale wana mikono. Ataandika, atawapeleka mikondo tofauti, na atarudi ofisini akiamini amefuata maumbile. Alichokiandika kwa hakika ni uamuzi wa wazazi, na mara nyingi ni umaskini wa wazazi. Mwanasaikolojia Robert Serpell aliona jambo la namna hiyo miaka ya 1970 alipowalinganisha watoto wa Lusaka, Zambia, na wa Manchester, Uingereza. Wa Lusaka, waliokua wakitengeneza magari ya waya, waliwashinda wenzao katika kuunda maumbo kwa waya. Wa Manchester walishinda kwa penseli na karatasi. Kwenye udongo wa mfinyanzi, ambao wote waliuzoea, walilingana.

Na hapa kwetu? Sternberg na wenzake walikuja Bagamoyo wakawapima watoto wa shule wenye miaka 11 hadi 13, na matokeo yakatoka mwaka 2002. Waliwapa mafumbo ya mantiki, kazi ya kupanga kadi kwa makundi, na mchezo wa kukisia jibu kwa maswali yasiyozidi 20. Baada ya kipimo cha kwanza, baadhi yao walifundishwa kwa muda usiofika saa moja jinsi ya kuyaendea matatizo ya aina hiyo. Wakapimwa tena. Alama zao zilipanda, na kubwa zaidi, mpangilio wao ulibadilika: aliyekuwa mbele mwanzoni hakuwa lazima mbele baadaye. Alama za baada ya kufundishwa zilihusiana vizuri zaidi na vipimo vingine kuliko alama za mwanzo. Chini ya saa moja tu ya kufundishwa! Tunaomba kila anayepanga watoto kwa mtihani mmoja alifikirie hilo kabla hajaweka sahihi.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo ni kumfundisha mtoto kitu kimoja chembamba tukidhani kitamjenga mtu mzima. Mwaka 1980 Anders Ericsson na William Chase walichapisha habari za mwanafunzi wa chuo huko Pittsburgh aliyekuwa akikumbuka namba saba tu anazosomewa mfululizo, kama watu wengi. Baada ya mazoezi ya zaidi ya saa 230 alifikia namba 79. Ni ajabu ya kweli. Lakini alipobadilishiwa na kupewa herufi badala ya namba, alirudi kwenye sita au karibu na hapo. Alijenga mbinu ya kushika namba, na mbinu hiyo haikugusa kumbukumbu yake kwa mengine. Mkondo wa amali unaomfundisha kijana kuunganisha nyaya kwa kukariri hatua utampa ujuzi wa namna hiyo. Teknolojia ikibadilika, ataanza upya, na safari hiyo akiwa na familia ya kulisha.

Kinachosambaa ni ujuzi wa msingi unaoingia katika kila kitu. Mwaka 2006 Han van der Maas wa Amsterdam na wenzake walipendekeza kwamba akili ya jumla yenyewe yaweza kuwa zao la uwezo mbalimbali kupigana jeki wakati mtoto anakua. Msamiati mpana unamsaidia kuelewa tatizo, kuelewa tatizo kunamfundisha maneno mapya, kumbukumbu nzuri inasaidia yote mawili. Rogier Kievit na wenzake waliwafuatilia vijana wa Uingereza wa miaka 14 hadi 25, na mwaka 2017 wakaonyesha kwamba walioanza na msamiati mzuri walipanda haraka zaidi katika kufikiri, na walioanza na uwezo mzuri wa kufikiri walipanda haraka zaidi katika msamiati. Tazama umri huo. Miaka 14 na kuendelea, mambo bado yanajengana. Sisi tunataka kukata kamba kabla ya hapo.

Wapo watakaosema kwamba kadiri mtoto anavyokua vipaji vyake hujitenga vyenyewe, kwa hiyo ni haki kumgawa. Hoja hiyo iliwekwa wazi na Henry Garrett mwaka 1946, na tafiti zilizofuata hazikukubaliana nayo kwa kauli moja. Tuseme ni kweli. Basi ni sababu ya kungoja. Kama vipaji hujitokeza kadiri umri unavyokwenda, anayechagua mapema ndiye atakayekosea zaidi.

Shule yenyewe huongeza akili. Stuart Ritchie na Elliot Tucker-Drob walikusanya mwaka 2018 takwimu za watu zaidi ya 600,000 na wakakuta kila mwaka wa ziada darasani unapandisha alama za akili kwa kati ya pointi moja na tano. Norway ilipoongeza elimu ya lazima kutoka miaka saba hadi tisa, vijana waliopitia mfumo mpya walipimwa wakiwa na umri wa karibu miaka 19, na alama zao zilikuwa zimepanda. Huko Embu, Kenya, watoto wa kijijini waliopimwa mwaka 1998 waliwazidi sana wenzao wa 1984 katika mafumbo ya maumbo yale yale. Miaka 14 tu ilikuwa imepita, katika eneo lile lile. Watafiti walitaja wazazi waliojua kusoma kuongezeka, familia zenye watoto wachache, na chakula bora. Hakuna maumbile yanayobadilika kwa miaka 14. Chakula na kitabu vilibadilika.

Finland ndiyo inayotufaa zaidi kwa uamuzi tulio nao. Kati ya 1972 na 1977 nchi hiyo iliondoa mgawanyo wa watoto wa miaka 11 na kuwaacha wasome pamoja hadi miaka 16. Wachumi walipotazama baadaye vipimo vya vijana walioingia jeshini, waliona uwezo wa lugha umepanda kidogo, huku hesabu na mantiki kwa wastani zikibaki palepale. Kwa watoto ambao wazazi wao walikuwa na elimu ya msingi tu, alama zilipanda kwa kiasi cha kuonekana. Mtoto wa ofisa anapata maneno, vitabu na maswali nyumbani, hata shule ikimnyima. Mtoto wa mkulima anategemea shule, na tukimgawa mapema tunamfungia chanzo pekee alichonacho.

Majirani zetu Kenya nao wameingia kwenye jambo hili. Kundi la kwanza la mtaala wao mpya limefika Gredi ya 10 mwaka 2026 likiwa na njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Wao wanamgawa mtoto akiwa na takriban miaka 15, na alama zake hazitoki mtihani mmoja. Mtihani wa Gredi ya 9 unabeba asilimia 60, wa Gredi ya 6 asilimia 20, na kazi za shuleni asilimia 20. Wana matatizo yao, lakini katika umri na katika namna ya kupima wametutangulia.

Tunachotaka ni hiki. Hisabati na lugha katika mkondo wa amali zifundishwe kwa uzito ule ule wa mkondo wa jumla, na walimu walio imara. Fani yenyewe inadai hivyo. Birika la umeme la wati 2,300 kwenye volti 230 linavuta ampea 10, na fundi asiyeweza kugawa namba hizo ataweka waya mwembamba na nyumba ya mtu itaungua. Fundi anayepata pembe ya msingi kwa kupima tatu, nne, tano anatumia jiometria, na akielewa kwa nini inafanya kazi ataitumia kwenye paa ambalo hajawahi kulijenga. Na wa mkondo wa jumla nao washike vifaa. Kuona maumbo akilini ni sehemu ya akili kama zilivyo namba, na kunakua kwa kupima, kukata, kuunganisha na kubomoa. Mhandisi asiyewahi kushika msumeno ni hasara pia.

Walimu waache maneno yale mawili, kipanga na kilaza. Ukilaza na ukipanga havipo kwenye mtaala, havipo kwenye maumbile, na mtoto akiitwa hivyo kila siku ataacha kuwekeza chochote alichonacho. Hapo hakuna kipimo kitakachojua tena alikuwa na nini.

Na mlango wa kuhama mkondo uwe wazi. Kwa jinsi mtaala mpya ulivyopangwa, darasa la sita na la saba watamaliza elimu ya msingi pamoja mwaka 2027, na Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mara moja. Nafasi zitabanana, na kishawishi cha kuwachambua watoto kwa alama za siku moja kitakuwa kikubwa kuliko kawaida. Kabla ya mwezi huo tunaitaka Wizara ya Elimu ichapishe mwongozo unaosema mwanafunzi anahamaje kutoka mkondo mmoja kwenda mwingine, hadi kidato kipi, nani anapokea maombi yake, na shule gani itamfundisha masomo aliyoyakosa bila kumtoza mzazi.